Njumu, Ukoka na Udongo wa Nyanda za Juu

Watu watokapo kiwanjani, aghalabu husikika wakigawa sifa na lawama baina ya mlinda mlango, mwamuzi na kocha, na ni nadra mno mtu kuitaja ardhi yenyewe, ilhali ardhi ndiyo iliyogusana na mpira na miguu ya wachezaji wote ishirini na wawili tangu kipenga cha kwanza hata cha mwisho. Nami naamini kwa dhati kwamba soka ya Mbeya na Iringa haiwezi kufahamika barabara, wala kuhukumiwa kwa insafu, mpaka kwanza mtu aujue udongo wa huko, mvua zake, majani yake, na kile ambacho wachezaji hukivaa miguuni ili waukanyage.

Mji wa Mbeya umeketi kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa nao umepita mita 1,500. Mvua huko huja kwa msimu mmoja mrefu, uanzao Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kikavu chenye baridi kali ya usiku. Ligi Kuu ya Tanzania nayo aghalabu hufunguliwa Agosti na kufungwa mwezi wa Mei au Juni, hata ikawa timu ile ile, katika uwanja ule ule, huanza msimu juu ya ardhi kavu kabisa na kuendelea nao juu ya ardhi iliyolewa maji. Fauka ya hayo, udongo wenyewe si wa namna moja: kandokando ya mlima Rungwe, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kuna udongo wa majivu ya volkano, mwepesi na wenye vinyweleo vingi, sehemu nyingi za Iringa zina udongo mwekundu wa mfinyanzi, na katika bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, mna udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka.

Je, wajua namna ya kuupima ukali wa ardhi kwa mpira? FIFA, katika kukagua viwanja vya nyasi bandia, huangusha mpira kutoka kimo cha mita 2, na kiwanja cha daraja la juu sharti kiurudishe juu baina ya sentimita 60 na 85. Yeyote anaweza kufanya jaribio hilo kiwanjani kwao. Udongo mtupu uliokauka na kushindiliwa haumezi nguvu ya mpira, bali huurudishia sehemu kubwa, nao hudunda juu ukamfikia mchezaji kifuani au kichwani badala ya mguuni. Na kwa kuwa kila kijiwe na kila bonde dogo huugeuza upande, pasi fupi ya chini huwa ni bahati nasibu. Mchezaji mwenye akili, akiisha kuona hivyo mara kadhaa, huuinua mpira juu ya yote hayo na kuutuma mbali. Hewa nayo humsaidia, maana hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15, na mpira uliopigwa kwa nguvu haupunguzwi mwendo sana njiani. Kwa hiyo wale wanaozidharau timu za nyanda za juu kwa kusema kwamba zinacheza mipira mirefu, wangeanza kwa kuutazama uwanja wa mwezi wa Septemba, ndipo wakatoa hukumu yao.

Mvua zikija, mambo hugeuka kinyume. Majani yaliyolowa kidogo hupunguza msuguano, na mpira uangukapo juu yake huserereka chini kwa kasi ukampita beki aliyeusubiri udunde. Lakini maji yakituama, mpira huo huo hufia dimbwini. Na juu ya mfinyanzi mbichi shida huhamia miguuni, kwa kuwa tope hujaza nafasi zilizo baina ya meno ya njumu, soli ikawa laini kama sahani, na kiatu kikaongezeka uzito kwa kila hatua.

Ulimwengu ulipata kuona thamani ya meno hayo tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, katika fainali ya Kombe la Dunia, ambapo Ujerumani Magharibi iliyokuwa imekwisha kufungwa mabao mawili na Hungaria iliwashinda 3-2 chini ya mvua. Wajerumani walivaa viatu vilivyotengenezwa na Adi Dassler, vyenye meno ya kufungua na kufunga kwa parafujo, ambayo yangeweza kubadilishwa yakawekwa marefu zaidi kadiri uwanja ulivyolowa. Sisemi kwamba viatu ndivyo vilivyotwaa kombe. Nasema kwamba yule aliyewaza habari ya ardhi mapema alikuwa na jambo moja zaidi ya mwenzake. Wala mguu mtupu si wa kudharauliwa, maana timu ya India katika Olimpiki ya London mwaka 1948 ilicheza na Ufaransa wachezaji wake wengi wakiwa pekupeku na ikafungwa 2-1 tu, na Wanijeria waliozuru Uingereza mwaka 1949 walicheza wengi wao pasipo viatu na kuwashangaza wenyeji. Vidole huru huushika udongo mkavu vizuri. Ni kwenye majani yaliyolowa ndipo vinaposhindwa. Leo sheria ya nne ya mchezo yamlazimu kila mchezaji avae viatu, na mjadala huo umekwisha, isipokuwa katika chandimu za watoto.

Lakini ni kiatu gani? Hapa ndipo penye madhara makubwa. Mtu mwenye kilo 70, akisimama kwa mguu mmoja juu ya njumu yenye meno sita, kila jino likiwa na ncha ya sentimita moja ya mraba, hutua uzito wa karibu kilo 12 juu ya kila ncha, na akikimbia uzito huo huongezeka maradufu na zaidi. Ardhi ikiwa laini, meno huzama na soli nzima ikapokea mzigo. Ardhi ikiwa ngumu, meno hayazami, na mzigo wote hurudi juu ukauchoma wayo na kisigino. Hatari nyingine ni ya goti: mchezaji anapogeuka ghafula, kiwiliwili huzunguka, na kama meno yameng’ang’ania ardhini bila kuachia, kano ya katikati ya goti ndiyo inayolipa, na kano hiyo ikikatika yaweza kumweka kijana nje kwa miezi mingi au kumtoa mchezoni kabisa. Nalo ni jambo la kusikitisha kuona vijana wetu wakinunua njumu za mtumba za soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa kutazama bei na rangi tu, bighairi ya kuigeuza soli, hata mtu akavaa meno marefu ya chuma, yaliyoundwa kwa matope ya Ulaya, juu ya ardhi ya Iringa ya mwezi wa Agosti. Kwa ardhi kavu yafaa meno mafupi na mengi, au hata raba za soli yenye vijinundu. Meno marefu yawekwe kabatini yangoje mvua.

Majani nayo yana habari yake. Ukoka hutambaa, hufunika mapengo na hustahimili kukanyagwa, lakini ni mmea wa joto, na baridi ikizidi huacha kukua. Mbeya, katika Juni na Julai, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Basi tazama taksiri ya jambo hili: miezi ambayo ligi hupumzika, na uwanja ukapata nafasi ya kupona, ndiyo miezi ambayo ukoka umelala; nao uamkapo kwa mvua na joto la Desemba, njumu ziko juu yake. Ndiyo maana naona kwamba nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki hii hii, zastahili kujaribiwa kwa bidii zaidi katika miji hii miwili.

Uwanja wa Sokoine wa Mbeya umekuwa makao ya timu za Mbeya City na Tanzania Prisons kwa pamoja, jambo ambalo pekee latosha kuyachosha majani. Juu ya hayo, sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika Samora, Iringa, mwaka 2018, na Sokoine mwaka 2019. Umma una haki ya viwanja vyake. Ila udongo ushindiliwapo na umati, vinyweleo vyake huziba, hewa haifiki mizizini, maji hayashuki, na dawa yake ni kuutoboa matundu na kuyajaza mchanga kabla ya mechi ijayo.

Hata hivyo soka njema imeota katika ardhi hizo. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Mbeya City, katika msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Na tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Mbarali, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kuukata mlolongo wake wa mechi 49 za ligi bila kushindwa.

Wapo wanaotaka nyasi bandia, kama zilivyotandikwa katika viwanja vya Nyamagana na Kaitaba, na faida yake ni dhahiri, kwa kuwa hazijali kiangazi wala hazichoki upesi. Ila jua kali huweza kuzipasha hata zikapita nyuzi 60, zulia lake huchakaa na kudai jingine, na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 uliamua kukomesha, baada ya muhula wa miaka minane, uuzaji wa chembe za mpira zinazomwagwa humo. Kwa rai yangu, fedha ya kwanza itumike kuchimba mitaro chini ya uwanja na kumlipa vema mtunza majani, na mitaro hiyo ichimbwe mapema, maana mfinyanzi ukiisha kulowa mwezi wa Desemba haukubali tena jembe mpaka Mei.