Utafiti wa Majeraha ya Risasi na Mishale: Kwa Nini Ulipiwe, na Nani Alipe

Mtu aliyepigwa risasi au mshale akifikishwa hospitalini, kazi ya kwanza ni kuzuia damu. Kuandika huja baadaye. Daftari likisema "jeraha la paja" na kuishia hapo, paja litatibiwa, lakini hakuna atakayejua aliumia wapi, saa ngapi, kwa silaha gani, wala kama wengine waliumia mahali hapohapo mwezi uliopita.

Utafiti wa kuzuia majeraha ya silaha huanzia kwenye maswali hayo. Hauhitaji maabara. Unahitaji fomu moja inayofanana katika kila hospitali, karani wa kuijaza hata usiku wa manane, na mtu wa kuchambua takwimu kila mwezi. Gharama yenyewe ndiyo hiyo.

Kenya imewahi kuhesabu, ila baada ya maafa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilipata vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Bonde la Ufa peke yake lilikuwa na vifo 744. Wakazi wa Kericho na Bomet hawahitaji kukumbushwa miezi hiyo. Mwaka 2023 watu waliuawa tena Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu, safari hii mishale ikitumika. Kwa hiyo fomu ya huku ikiuliza bunduki pekee itakuwa imeacha nusu ya habari.

Mfano mzuri uko Cardiff, Wales. Daktari mpasuaji Jonathan Shepherd aligundua kuwa wengi waliotibiwa baada ya kushambuliwa hawakuwa kwenye rekodi za polisi. Hospitali ikaanza kuwapa polisi na baraza la mji habari za mahali, saa na silaha, bila majina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliolazwa kwa majeraha ya aina hiyo walipungua kwa asilimia 42, ukilinganisha na miji inayofanana na Cardiff.

Hilo la majina si dogo. Majeruhi akiogopa kwamba daftari litampeleka kituoni, atajifunga kitambaa nyumbani na kidonda kitaoza. Fomu ya P3 ni jambo tofauti: hutolewa na polisi, hujazwa na daktari kwa ajili ya kesi, na jina limo.

Fedha zikikauka, utafiti husimama. Marekani ilijionea: Bunge lake liliweka kizuizi mwaka 1996, na fedha maalumu za kuchunguza majeraha ya bunduki hazikurudi hadi bajeti ya 2020, dola milioni 25.

Hapa kwetu, polisi na leseni za bunduki ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Hospitali za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni za kaunti. Basi daftari la majeruhi linaweza kuombewa fedha katika bajeti ya afya. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya wananchi hutangulia. Mkazi anayetaka kulisemea jambo hili aulize tarehe na mahali pa kikao katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake. Na mtafiti akibisha hodi nyumbani, aombwe leseni ya NACOSTI kabla ya kujibiwa swali lolote.