Skrini Ipo Puani, Picha Ipo Mbali

Mtu asiyeona mbali hujipa matumaini haya: skrini ya hedseti ya uhalisia pepe iko sentimita chache tu kutoka jichoni, na vitu vya karibu anaviona vizuri, basi miwani aiweke pembeni. Akishaivaa hedseti, kila kitu kina ukungu. Hesabu yake imesahau lenzi.

Ni nadra jicho la mtu mzima kuweza kusoma kitu kilicho umbali wa sentimita tano. Ndiyo maana kati ya skrini na jicho huwekwa lenzi zinazopinda mwanga hadi ufike kana kwamba umetoka mbali. Kwenye hedseti nyingi picha hukaa kati ya mita moja na mbili mbele yako. Hukaa hapo hapo hata ukitazama kikombe mezani au mlima kwenye upeo wa macho, na hiyo ni sababu mojawapo ya macho kuchoka.

Kwa hiyo chukua mita moja, igawe kwa namba ya miwani yako ya kuonea mbali. Jibu ndilo umbali wa mwisho unaouona vizuri bila miwani. Mwenye -0.75 hufika mita 1.3 hivi, huyo anaweza kuvua miwani na asipungukiwe. Mwenye -3 anaishia sentimita 33. Picha imemzidi mbali, ingawa skrini yenyewe inakaribia kugusa kope zake.

Kwa waliovuka miaka 40 mambo hugeuka. Anayeona mbali vizuri na kutumia miwani ya kusomea tu, kama ile ya +2 inayouzwa hata barabarani, kwa kawaida haihitaji ndani ya hedseti. Akiivaa atajiharibia, kwa sababu miwani hiyo hulenga nusu mita. Mwenye lenzi zenye sehemu mbili au zaidi ana shida nyingine: akiteremsha macho, anaangukia sehemu ya kusomea, na picha inapotea. Namshauri atumie miwani ya kuonea mbali peke yake.

Zipo hedseti zenye kirekebishi cha kuzungusha. HTC Vive XR Elite, iliyotoka 2023, hufidia kutoona mbali hadi -6. Ni msaada mkubwa, lakini haugusi astigmatizimu, ambayo hudai lenzi yenye nguvu tofauti kwa pembe tofauti. Cheti chako cha macho kikionyesha silinda, yaani namba ya astigmatizimu, ya 1 au zaidi, usitegemee kirekebishi pekee. Maandishi yatabaki na kivuli.

Je, uvae miwani yako humo humo? Inawezekana, fremu ikiwa ndogo. Meta Quest 2 ilikuja na kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi kwa wavaaji miwani. Hofu yangu ni mikwaruzo. Lenzi za hedseti kwa kawaida ni za plastiki. Zikisuguana na miwani huchubuka, na mchubuko ulio katikati ya lenzi hauondoki. Hakikisha kuna mwanya kati ya lenzi na miwani. Unapovaa, tanguliza sehemu ya mbele, kisha vuta mkanda kisogoni. Unapovua, anza na mkanda.

Lenzi laini za kuvaa jichoni huondoa tatizo hili lote kwa anayezizoea. Kwa wengine, chaguo ninalolipenda ni lenzi za kupachika, zilizochongwa kwa namba zako na kukaa juu ya lenzi za hedseti. Apple Vision Pro ya 2024 haikuundwa kuvaliwa juu ya miwani. Zeiss ndiyo huitengenezea lenzi zinazonasa kwa sumaku.

Kabla ya kuagiza, pima macho upya, kisha mwombe aliyekupima aandike pia umbali kati ya mboni zako, kwa milimita. Vyeti vingi huuacha, ingawa kuupima ni kazi ya dakika moja. Lenzi za hedseti nazo hupangwa kwa kipimo hicho: Quest 2 ina nafasi tatu tu, 58, 63 na 68. Mwenye 64 atachagua ya katikati. Mwenye 73 hana nafasi yake hapo, na ni vizuri alijue hilo kabla hajalipa.