Tusimwambie Mtoto Kuwa Baba Amesafiri

Turubai limefungwa uani, majirani wamekaa kwenye mikeka, na moshi wa sufuria za msibani umejaa nyuma ya nyumba. Mtoto wa miaka minne anapita katikati ya watu akiuliza baba yuko wapi. Shangazi anampakata na kumwambia: "Baba amesafiri, mwanangu." Mtoto anaridhika, anarudi kucheza.

Matanga yanaanuliwa, watu wanatawanyika. Tangu hapo, kila bodaboda inaposimama nje, mtoto anakimbilia mlangoni. Mama akijifunga kanga kwenda sokoni, anamng'ang'ania huku akilia. Aliyesafiri wa kwanza hajarudi. Atamwachaje wa pili aende?

Wengi wetu tumeshuhudia jambo la namna hii msibani. Shangazi hakuwa na nia mbaya. Naye amefiwa na kaka yake, na alitaka kumpunguzia mtoto uchungu. Bahati mbaya, maneno aliyoyachagua ndiyo yanayomchanganya zaidi mtoto wa umri huo.

Mwaka 1948, mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto 378 wa Budapest, Hungaria, wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Aliwasikiliza wakieleza kifo ni nini, na wengine wakakichora. Wenye umri wa chini ya miaka mitano walikiona kama safari au usingizi: marehemu yupo mahali, anaendelea kuishi. Waliowazidi kidogo walikifikiria kama mtu anayekuja kuchukua watu, hivyo mjanja anaweza kumkwepa. Ni wale wa kuanzia miaka tisa hivi waliosema kuwa kifo ni mwisho wa uhai na kitamfika kila mtu.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa wengi huelewa mapema zaidi. Mwaka 1984, Mark Speece na Sandor Brent walipitia tafiti nyingi na kuona kuwa kati ya miaka mitano na saba, watoto wengi huwa wameshika mambo matatu: aliyekufa harudi, mwili wake haufanyi kazi tena, na kila kiumbe hai hufa.

Basi tunapomwambia mtoto wa miaka minne kuwa baba amesafiri, tunatilia nguvu kosa lile lile ambalo akili yake changa ilikuwa tayari kulifanya. Tukisema amelala, anaweza kuogopa kitanda. Tukisema Mungu alimpenda zaidi, anaweza kujiuliza kama atakayependwa kesho ni mama.

Mwaka 1983, kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, kilikabiliwa na mtihani huo huo. Mwigizaji Will Lee, aliyeigiza muuza duka Mr. Hooper, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watayarishaji wangeweza kusema amehama. Badala yake, Big Bird, ndege mkubwa wa manjano, alikuja na picha alizowachorea rafiki zake, mojawapo ya Mr. Hooper. Wakubwa wakamwambia wazi kuwa amekufa na hatarudi.

Nyumbani, maneno machache yanatosha: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi." Imani ya familia ifuate hapo, baada ya ukweli wa mwili. Akiuliza swali lile lile mara kumi, ajibiwe vile vile mara kumi. Akiuliza kama mama naye atakufa, aambiwe: "Kila mtu hufa siku moja, lakini mimi ni mzima, natarajia kuishi nawe miaka mingi."

Aambiwe pia kuwa si kosa lake. Mtoto mdogo huamini kuwa hasira au wazo lake baya linaweza kumuua mtu, na aghalabu hasemi.

Tusidanganyike tukimwona anacheza mpira saa moja baada ya kulia. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Nyingine hutokea mwilini au shuleni: anakojoa kitandani ilhali alishaacha, anaumwa tumbo, anashuka darasani. Ratiba ya shule, chakula na kulala isipobadilika sana, humtuliza.

Kuhusu mazishi, wapo wanaowapeleka watoto kwa jirani mpaka kila kitu kiishe. Ni afadhali aelezwe mapema atakachokiona, iwe sanda au jeneza, kaburi na watu wakilia, kisha aulizwe kama anataka kuwepo. Akikubali, awe na mtu mzima wa kumshika mkono. Akikataa, asilazimishwe.

Dalili za huzuni zikidumu miezi bila kupungua, atafutiwe mtaalamu. Akisema anataka kufa au kumfuata marehemu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tanzania na Kenya zina namba ya bure ya kuwasaidia watoto, 116.

Na shangazi hajachelewa. Amketishe mtoto na kumwambia: "Nilikuambia baba amesafiri. Nilikosea. Baba amekufa." Mtoto atalia. Walie pamoja, lakini asiendelee kukimbilia kila bodaboda inayosimama mlangoni.