Ruhusa ipo, lakini usiitangaze

Juzi hapa kijiweni tulibishana sana: kama serikali imeruhusu watu wake wahame kihalali, siri ya nini tena? Nikawapa kisa cha Ethiopia, na leo nakileta kwenu.

Mwaka 1977 Ethiopia ilikuwa chini ya Mengistu Haile Mariam, mwanajeshi aliyefuata siasa za Kimaksi. Kutoka nchini humo bila kibali ilikuwa kosa. Wakati huohuo alikuwa vitani na Somalia huko Ogaden, anahitaji silaha. Waziri Mkuu wa Israel, Menachem Begin, akaomba kitu kimoja: ndege zikishusha silaha, zirudi na Wayahudi wa Ethiopia, wale Beta Israel. Wakaondoka kama 120 kwa ruhusa ya Mengistu.

Februari 1978, Moshe Dayan, Waziri wa Mambo ya Nje wa Israel, akiwa Zurich akasema hadharani kuwa nchi yake inaipa Ethiopia silaha. Mpango ukafa hapo hapo!

Kwa nini? Ethiopia ilishavunja uhusiano na Israel mwaka 1973, na rafiki yake mpya, Urusi ya Kisovieti, naye hakuwa na uhusiano nayo. Mengistu aliweza kuruhusu kimya kimya, ila sio kukiri mbele ya watu. Ni kama jirani akuruhusu kupitisha ng'ombe shambani kwake, halafu wewe unakwenda kutangaza mnadani. Kesho utakuta kaweka miiba.

Aliyeumia sio Dayan. Miaka iliyofuata maelfu walitoroka kwa miguu hadi Sudan, na inakadiriwa 4,000 walikufa njiani na makambini. Novemba 1984 ndege za siri zikaanza kuwachukua kutoka Sudan, zikabeba kama 8,000. Habari ikavuja, na Januari 1985 Israel yenyewe ikathibitisha. Nchi za Kiarabu zikaibana Sudan, safari zikasimama. Kuna waliotangulia, wakawaacha wazazi na watoto nyuma.

Mwaka 1991 somo lilikuwa limeeleweka. Mengistu alikimbia tarehe 21 Mei, akapitia Nairobi kwenda Zimbabwe. Tarehe 24 na 25 Mei ndege zikabeba watu zaidi ya 14,000 kutoka Addis Ababa kwa saa kama 36. Magazeti ya Israel yalizuiwa kuandika mpaka kazi iishe.

Lakini tusidanganyane, wadau. Pazia hilohilo lilifunika na pesa: Dola milioni 35 zililipwa kwa serikali ya Ethiopia ili watu waachiwe. Kwa hiyo sisemi kila siri ya wakubwa ni njema. Nasema ukisikia neno "siri", uliza mambo mawili: inamlinda nani, na mwisho wake lini? Ya mwaka 1991 ilimlinda msafiri, na ikaisha alipofika.

Nawasilisha. Nyie mnasemaje?