Kupanda Mlima kwa Ajili ya Hisani: Fedha Hutoka Wapi na Huishia Wapi

Mtu apandaye Mlima Kilimanjaro hachumi kitu huko kileleni. Huko hakuna dhahabu wala mazao. Kuna mawe, baridi kali na barafu inayozidi kupungua mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini fedha nyingi zimepatikana kwa sababu tu watu wameupanda mlima huo, na fedha hizo zimetumika kutibu wagonjwa, kulea yatima na kuwapatia watu maji. Jambo hili si rahisi kueleweka mara moja katika vyama vya nchi ya chini kama Miono, ambako mkulima huhesabu fedha yake kwa kilo za ufuta na korosho. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi upandaji wa namna hiyo unavyozaa fedha, gharama zake ni zipi, na katibu wa chama afanye nini iwapo atatokea mtu kutaka kupanda mlima ili kuichangia zahanati, shule au kisima cha kijiji.

Mlima huu umepandwa kwa sababu nyingi. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hutajwa kuwa miongoni mwa wenyeji waliowaongoza njiani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, na kilele hicho chenye mita 5,895 kikaitwa Uhuru. Safari ile haikuchangisha hata senti moja. Lakini ilionyesha jambo ambalo wachangishaji wa baadaye walilitumia: taifa zima huweza kuelekeza macho yake kwa mtu mmoja aliye mlimani, na macho yakishaelekezwa, ujumbe hufika.

Mfano ulio mkubwa hapa nchini ni ule unaojulikana kwa jina la Kili Challenge. Ulianzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita, na huendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa huo ulisemwa kwa kunong'onezana. Katika Kili Challenge baadhi ya washiriki hupanda mlima kwa miguu na wengine huuzunguka kwa baiskeli. Makampuni na watu binafsi hutoa michango, na fedha hugawiwa kwa asasi zinazopambana na ugonjwa huo. Kituo cha kulelea yatima cha Moyo wa Huruma, kilichoko Geita, ni miongoni mwa vilivyofaidika.

Kutoka nje ya nchi wamekuja wengi. Mwezi Machi 2009 waimbaji na watangazaji tisa mashuhuri wa Uingereza waliupanda mlima kwa ajili ya mfuko wa Comic Relief, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana kwa vita dhidi ya malaria, ugonjwa ambao mkazi wa Miono hahitaji kuelezwa. Mwaka 2012 Spencer West, mtu asiye na miguu tangu utotoni, alifika kileleni akijikokota kwa mikono na mahali pengine akitumia kiti cha magurudumu. Safari yake ilipata zaidi ya nusu milioni ya dola kwa miradi ya maji nchini Kenya.

Sasa, fedha hizi hutoka wapi hasa? Mpandaji huwaendea jamaa zake, wenzake wa kazini, wafanyabiashara anaofahamiana nao, akawaambia kwamba tarehe fulani atapanda mlima na kwamba anaomba wachangie kazi fulani ya manufaa. Mchangiaji hanunui kitu. Anachopewa ni ushahidi kwamba mwombaji mwenyewe amekubali taabu kwa ajili ya jambo analoliombea. Mtu anayesema tu "nisaidieni tuchimbe kisima" ni mmoja kati ya wengi. Mtu anayesema "nitalala siku tano katika baridi ili kisima kichimbwe" husikilizwa zaidi. Jasho lake ni kama rehani. Kwa hiyo mtaji wa shughuli hii ni imani, na imani hiyo ikivunjwa mara moja, kijiji kizima hulipa.

Hapa ndipo mwanachama wa ushirika anaweza kuona mbali kuliko watu wengine. Mkulima wa ufuta anajua kwamba bei iliyotangazwa mnadani siyo fedha atakayoitia mfukoni. Kuna gharama za ghala, usafiri, ushuru na makato mengine, na ni haki yake kuyasoma makato hayo moja moja. Fedha za mlima nazo zina makato yake. Mpandaji hulipa kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, malazi, chakula, mwongozaji, wapagazi, mavazi ya baridi, na nauli ya kufika Moshi na kurudi. Mgeni wa kutoka ng'ambo aghalabu hatumii chini ya dola 1,500 mlimani, bila kuhesabu ndege. Mtanzania hutozwa viingilio vilivyo nafuu sana, lakini mwongozaji, wapagazi na chakula havikwepeki.

Yafaa kutoa mfano wa hesabu. Na ichukuliwe kwamba kijiji kinahitaji shilingi 8,000,000 kukarabati kisima, na mpandaji ameahidiwa jumla ya shilingi 12,000,000. Kwa mtazamo wa haraka kisima kimekwisha kupatikana na ziada ipo. Lakini safari yake imegharimu shilingi 3,500,000, nazo zimetolewa katika michango, zinabaki 8,500,000. Kisha, katika zile ahadi, shilingi 2,000,000 hazikulipwa kamwe, maana ahadi iliyotolewa kwa furaha ya arusini au kikaoni huwa nyepesi mwezi ukiisha. Zinabaki 6,500,000. Fundi amekwisha kuitwa, mabomba yamekwisha kuagizwa, na fedha zimepungua kwa shilingi 1,500,000. Hakuna aliyeiba. Aliyekosea ni yule aliyesoma jumla ya ahadi akadhani anasoma salio la benki.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza mpandaji ni nani atakayelipia safari. Ziko njia tatu. Mpandaji aweza kulipa mwenyewe, na mchango wote ukaenda kwenye mradi. Hii ndiyo njia safi kuliko zote. Kampuni au mfadhili mmoja aweza kuilipia safari kwa fungu la pekee, na hiyo nayo haina ubaya. Njia ya tatu ni kuikata gharama katika michango yenyewe. Si haramu, na huko Uingereza hutumika sana, ila kanuni za uchangishaji za huko zinadai mchangiaji aelezwe mapema kwamba sehemu ya fedha yake itamsafirisha mpandaji. Mtu aliyetoa shilingi 5,000 kwa ajili ya kisima hana budi kujua kama 1,500 kati yake zitanunua nafasi ya kulala mlimani. Akielezwa na akakubali, hana la kulalamikia.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Bagamoyo hawapaswi kulipita haraka. Hakuna anayepanda Kilimanjaro peke yake. Nyuma ya mpandaji mmoja wako wapagazi kadhaa wanaochukua mahema, vyakula, vyungu na mitungi ya gesi. Mji wa Bagamoyo ulikuzwa na wapagazi. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilishusha pwani pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, na wengi waliozibeba hawakukumbukwa kwa majina. Wapagazi wa leo wa mlimani, ambao hujiita wagumu, wamewekewa kikomo cha kilo 20 kwa mzigo, na tangu mwaka 2003 umekuwapo mjini Moshi mradi wa kuwatetea wapate ujira wa haki, chakula na mavazi ya kufaa. Mpandaji anayetafuta safari ya bei ya chini kupita kiasi, apate kusema kwamba ameokoa fedha za yatima, yamkini fedha hizo zimetoka katika mshahara wa mpagazi mwenye watoto vile vile. Chama kinachopokea mchango kina haki ya kuuliza wapagazi walilipwaje.

Kuhusu hatari, ni vema wanachama wajue kwamba nguvu za shamba pekee hazitoshi. Katika kilele cha Uhuru uzito wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, na mwili unaohamia huko kwa haraka hupata maumivu ya kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Hali ikizidi, mapafu hujaa maji au ubongo huvimba, na tiba iliyo ya hakika ni moja: kumteremsha mgonjwa bila kuchelewa. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema "polepole", na ndiyo maana njia ya Marangu ina vituo vya Mandara, Horombo na Kibo ambako mwili huzoea kidogo kidogo, kabla ya mwendo wa mwisho unaoanza usiku wa manane. Atokaye Miono, mahali palipo chini na penye joto, anahitaji siku ya ziada ya kupumzika Horombo, hata kama inaongeza gharama.

Ujana na umaarufu wa michezo havimkingi mtu. Mwezi Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi aliyeshinda mashindano makubwa ya dunia mara nyingi, aliupanda mlima huu kuuchangia mfuko wa hisani wa Laureus. Akiwa katika mwinuko wa mita zipatazo 4,500 mapafu yalianza kujaa maji. Aliteremshwa na kupelekwa hospitali Nairobi. Alifanya lililo sawa kushuka. Hata hivyo tukio kama hilo huzaa swali la mahesabu: asipofika kileleni, je, waliomwahidi watalipa? Jibu liandikwe kabla ya safari, siyo baada yake. Ahadi ya "nitatoa ukifika kileleni" ni ahadi mbaya, maana humsukuma mgonjwa kuendelea kupanda. Ahadi ifungwe kwenye mradi, na kilele kibaki kuwa furaha ya mpandaji.

Katibu anayeletewa pendekezo la namna hii alifikishe kwanza kwenye kamati, liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Kujali jamii ni mojawapo ya kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, kwa hiyo chama hakitoki nje ya njia yake kikishiriki. Lakini fedha za mauzo ya wakulima zisiguswe kamwe, wala zisitolewe hata kwa mkopo wa wiki mbili kumwezesha mpandaji kuanza safari. Wako makatibu waliopoteza kazi kwa mikopo midogo kuliko huo. Michango iwekwe katika akaunti ya pekee. Liwepo daftari la ahadi na daftari la fedha zilizopokewa, na madaftari hayo mawili yasichanganywe. Kila mchangiaji apewe stakabadhi, hata aliyetoa shilingi 500.

Siku hizi michango mingi hupita katika simu, na hapo ndipo penye mtego. Namba ya simu ya mtu binafsi siyo akaunti ya chama, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kiasi gani. Akifariki, akigombana na kamati au simu ikipotea, fedha za kisima zitakuwa katika mirathi au mahakamani. Itangazwe namba ya chama yenye jina la chama. Safari ikiisha, taarifa isomwe katika mkutano mkuu ikionyesha kilichoahidiwa, kilicholipwa, kilichokatwa na kilichobaki, na hati ziwekwe tayari kwa wakaguzi wa COASCO kama hati nyingine zote.

Wala si lazima mlima uwe Kilimanjaro. Kilele cha Bondwa katika Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, kinazidi mita 2,000. Hupandwa na kuteremkwa kwa siku moja, na mtu wa Miono hufika Morogoro kupitia Chalinze kwa nauli ya kawaida. Mchangiaji wa kijijini, anayemfahamu mpandaji na atakayekiona kisima kwa macho yake, hatapima mchango wake kwa mita. Kwa mradi wa shilingi milioni mbili au tatu, Bondwa huacha fedha nyingi zaidi mikononi mwa kijiji.

Ikiwa chama kitakata shauri la Kilimanjaro, majira yachaguliwe kwa uangalifu. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na zile za vuli mwezi Novemba, hufanya njia kuwa tope chini na theluji juu. Miezi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Oktoba ni mizuri mlimani, ila Juni ni wakati wa minada ya ufuta na katibu hana nafasi ya kuandika stakabadhi za wachangiaji. Januari na Februari hufaa zaidi: aghalabu korosho zimekwisha kuuzwa, watu wana fedha, na mpandaji anaweza kurudi kabla ya mvua za kupandia mahindi.