Nyonga Ikishaungwa, Haya Isifiche Hatari



Jamaa wengi wa pwani huwapeleka wazee wao Nairobi kwa matibabu, na mara nyingi hufikia Parklands, iliko Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, na pia MP Shah. Bibi huteleza msalani, nyonga ikavunjika, kisha mfupa ukaungwa kwa vyuma na skrubu. Daktari akisema upasuaji umefaulu, sote humshukuru Mola. Lakini hapo ndipo uangalizi wa jamaa unapoanza, hasa kwa mabinti wanaomuuguza.

Hatari ijulikanayo zaidi ni damu kuganda katika mishipa ya mguu usiotembea. Bonge lake laweza kung'oka na kuziba mishipa ya mapafu. Kwa hiyo madaktari huamuru dawa za kuzuia damu kuganda, aghalabu kwa muda wa mwezi hivi, na humhimiza mgonjwa asimame mapema. Dawa hizo zisiachwe kwa sababu tu maumivu yamepungua. Na safari ya kurudi Mombasa, kilomita zipatazo 480 za kukaa kitako, ifanywe kwa idhini ya daktari. Mgonjwa akibanwa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, akimbizwe hospitali.

Iko hatari ya pili, nayo ni adimu. Ndani ya paja, karibu na mfupa, hupita mshipa mkubwa uletao damu kutoka moyoni. Ncha ya keekee, skrubu iliyopita kiasi, au kipande cha mfupa kilichohama chaweza kuutoboa. Damu huvuja na kujikusanya kama mfuko katikati ya nyama. Jambo hili laweza kudhihirika baada ya siku chache, wiki kadhaa, au hata miezi.

Dalili zake ni hizi: paja huzidi kuvimba, maumivu huongezeka badala ya kupungua, uvimbe hudunda pamoja na moyo, na mgonjwa hupauka na kuishiwa nguvu. Uvimbe huo usikandwe wala usitumbuliwe kwa kudhaniwa jipu. Ultrasaundi huweza kuugundua, na mara nyingi madaktari huziba tundu kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, pasipo kulipasua paja upya.

Basi kizuizi ni nini? Mara nyingi ni haya. Mama zetu wamelelewa katika sitara. Ukimuuliza hali atajibu hajambo, na kanga imelifunika paja linalovimba. Haya ni pambo la muumini, lakini wanazuoni wetu wameruhusu kufunua mahali penye maradhi kwa kadiri ya haja. Kwa hiyo binti, mkaza mwana au mjukuu wa kike alitazame paja kila anapomwogesha, alilinganishe na la pili, na amweleze daktari anachokiona. Daktari wa kike akipatikana, aombwe. Asipopatikana, matibabu yasicheleweshwe. Mwili ni amana, na kuulinda uhai wa mzazi ni katika wema tulioamrishwa kumtendea.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.