FREMU YA BAISIKELI YA ZAMANI IKIVUNJIKA

Baisikeli nyeusi za chuma zilizoletwa kutoka Uingereza, ambazo watu wa Kenya waliziita Black Mamba, zilichukua maziwa, mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na hata wagonjwa. Baadhi yake zingali zikitumika hata leo: babu alimwachia mwanawe, na mwana akamwachia mjukuu. Siku baisikeli ya namna hii inapoingia shimoni na fremu yake ikapindika au kupasuka, mwenyewe hujiuliza, je, aitupe au aitengeneze?

Fremu ya chuma hutengenezeka, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu wake. Lakini yapasa ikumbukwe kwamba fremu iliyotengenezwa ovyo ni ya hatari kuliko ile iliyovunjika. Iliyovunjika humwonya mtu asiipande. Iliyofunikwa rangi humdanganya, mpaka siku anapoteremka mlima akiwa na mzigo.

Jinsi fremu ilivyoundwa

Viwanda vya Uingereza, kama vile Raleigh kilichoanzishwa Nottingham, na Hercules kilichoanzishwa Birmingham mwaka 1910, viliunga fremu kwa njia moja. Ncha za mabomba zilitiwa ndani ya soketi za chuma, kisha kiungo kikapashwa moto pamoja na unga wa boraksi, na shaba ya manjano iliyoyeyuka ikapenya katika mwanya mdogo ulio kati ya bomba na soketi. Shaba hiyo huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 900 za Selsiasi, hali chuma hakiyeyuki mpaka joto lifike karibu digrii 1,500. Kwa hiyo kiungo hushikana imara na bomba lisiharibike.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Ukuta wa bomba la baisikeli ni mwembamba, na aghalabu haufiki milimita 2. Mashine ya kuchomelea kwa umeme huweza kulitoboa mara moja. Tena, ikitumiwa juu ya kiungo chenye shaba, shaba huchanganyika na chuma kilichoyeyuka, na kiungo hicho hupasuka upesi.

Kuchunguza kabla ya kutengeneza

Kwanza fremu ioshwe vizuri na kukaguliwa mchana kweupe. Rangi iliyokunjamana chini ya bomba la juu na la chini, karibu na shingo, ni dalili kwamba baisikeli iligonga kitu kwa mbele. Mstari mwembamba wa kutu unaotokea katika rangi karibu na soketi, mara nyingi ni ufa.

Kisha unyofu wa fremu upimwe kwa uzi. Uzi hufungwa upande mmoja mahali panaposhika gurudumu la nyuma, huzungushwa mbele ya shingo, na kurudishwa upande wa pili. Nafasi iliyo kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa kwa rula, kushoto na kulia. Vipimo vikiwa sawa, fremu imenyooka. Vikitofautiana sana, imekwenda upande.

Kupinda, kukunjika na kupasuka

Bomba lililopinda kidogo bila kukunjika huweza kunyoshwa polepole na fundi mzoefu, bila moto, na kwa mara moja tu. Chuma kinachopindwa huku na huku huchoka na kukatika, kama uzi wa waya.

Bomba lililokunjika au kupasuka halina budi kubadilishwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa fremu hauzibwi kwa kupakwa shaba juu, kwa maana huendelea kukua chini yake. Uma unaoshika gurudumu la mbele ukipasuka, usitengenezwe kamwe, bali utafutwe mwingine. Ukikatika safarini, mwendeshaji huanguka kwa uso.

Kubadilisha bomba

Fundi hukwangua rangi kwa tupa na msasa mpaka chuma king'ae, kisha hukipasha kiungo moto mpaka shaba iyeyuke na bomba bovu litoke. Bomba jipya sharti liwe na kipimo kile kile. Katika baisikeli nyingi za Kiingereza, bomba la juu lina upana wa inchi 1, na bomba la chini na la kiti inchi 1 na 1/8. Bomba la maji halifai: halitoshei katika soketi, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu linapochomwa, unaoweza kumletea fundi homa usiku ule ule.

Wala vijiti vya kuungia mabomba ya friji visitumiwe. Vingi vina fosforasi, ambayo ikikutana na chuma hufanya kiungo kuwa kigumu na chepesi kuvunjika mithili ya kigae. Vijiti vya shaba ya manjano pamoja na boraksi ndivyo vifaavyo.

Kazi ikiisha, kiungo kiachwe kipoe chenyewe hewani, kisimwagiwe maji. Baada ya hapo mabaki ya boraksi huoshwa kwa maji ya moto, fremu hupimwa tena kwa uzi, mafuta kidogo hutiwa ndani ya mabomba kuzuia kutu, na mwisho hupakwa rangi.

Kutunza ukale wake

Katika kusugua na kupaka rangi, nambari ya fremu isifutwe, na nishani ya kiwanda iliyo shingoni iondolewe kabla ya moto na kurudishwa baadaye. Hizo ndizo hati za baisikeli, na mnunuzi wa vitu vya kale huzitazama kwanza.

Kwa majuma ya kwanza baisikeli iendeshwe mahali tambarare bila mzigo, na viungo vikaguliwe kila juma. Mstari wa kutu ukionekana tena katika rangi mpya, mwenyewe ashuke na kuirudisha kwa fundi akiisukuma kwa mkono.